Bidhaa Zilizopangiwa Siku ya Kufa: Sheria Yasemaje, na Chama Kifanye Nini

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika katika mafunzo ya wajumbe wa bodi, makatibu na watunza ghala wa vyama vya msingi)



Desturi ya mkaguzi anaposimama mbele yenu ni kuzungumza juu ya vitabu vya hesabu, na naona baadhi yenu mmekwisha anza kuzikumbuka hati za malipo ambazo hazijabandikwa mahali pake. Leo nawapeni mapumziko. Nitazungumza juu ya mali inayoingia katika vitabu ikiwa safi kabisa, kwa hati zote na sahihi zote, na bado ikakitia chama hasara.

Nianze na kisa ambacho mimi mwenyewe nina sehemu ndani yake.

Chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa, katika wilaya niliyokuwa nikiihudumia, kilinunua mashine 40 za kupulizia dawa, zile za kubeba mgongoni zinazotumia betri. Bodi iliomba bei kwa wauzaji watatu. Bei ya chini ilikuwa shilingi 95,000 kwa mashine moja, na ya juu shilingi 140,000. Bodi ikachagua ya chini, ikalipa shilingi 3,800,000, na kumbukumbu za kikao zikaandikwa vizuri. Nilipofanya ukaguzi mwaka ule niliandika katika taarifa yangu kwamba ununuzi ulifuata utaratibu, na kwamba bodi ilistahili sifa kwa kuokoa fedha za wanachama. Maneno hayo ni yangu, na sahihi iliyo chini yake ni yangu.

Msimu wa kwanza mashine zilifanya kazi. Msimu wa pili ulipofika katikati, mashine 31 kati ya zile 40 zilikuwa zimelala ghalani. Betri hazikushika tena chaji, na mpira wa ndani ya pampu ulikuwa umeliwa na dawa. Fundi baiskeli wa kijijini aliombwa azifungue. Akaona kwamba kasha la betri halikufungwa kwa skurubu bali liligandishwa kwa gundi. Lilipasuka mkononi mwake. Mpira wa pampu ulikuwa wa kipimo ambacho hakikupatikana katika duka lolote la vipuri mjini. Muuzaji alipoendewa alijibu kwamba aina ile haiagizwi tena, na kwamba sasa ameleta aina mpya iliyo bora zaidi.

Wakati huo mvua zilikuwa zimekwisha anza, nanyi wakulima wa kahawa mnajua kwamba chulebuni haingoji barua ijibiwe. Waliochelewa kupulizia dawa waliokota buni nyeusi chini ya mibuni yao.

Katika mkutano mkuu wanachama walisema kwa sauti kwamba viongozi wamekula. Niliitwa nikakague upya. Nilikaa pale siku tatu, nisione hata senti moja iliyoibwa. Stakabadhi ilikuwapo, hati ya malipo ilikuwapo, hati ya kupokelea mali ilikuwapo. Lakini Katibu, mama aliyekitumikia chama kile kwa miaka 11, alikuwa amejiuzulu kabla sijafika. Taarifa yangu ilimsafisha, lakini hakurudi kazini. Aliyezomewa mbele ya majirani zake hasafishwi na karatasi.

Tangu siku hiyo nilijitafutia elimu juu ya jambo hili, na hayo niliyoyapata ndiyo ninayowaletea leo.

Jambo lenyewe ni nini

Wataalamu huliita uchakavu wa kupangwa. Maana yake ni kwamba mtengenezaji huipangia bidhaa yake maisha mafupi kuliko yale ambayo ingeweza kuishi, ili mnunuzi arudi dukani mapema. Njia zake ni nyingi. Yuko anayetia kipande kimoja dhaifu ndani ya chombo chenye nguvu. Yuko anayekifunga chombo kisifunguke, au anayekataa kuuza vipuri vyake. Yuko anayebadilisha umbo kila mwaka ili kilicho kizima kionekane cha kizamani. Na siku hizi yuko anayeifikia simu au trekta kutoka mbali, kwa programu, akaifanya ipunguze mwendo au ikatae kutengenezwa na fundi asiye wake.

Jambo hili si geni duniani. Mwishoni mwa mwaka 1924 makampuni makubwa ya balbu za umeme yalikutana mjini Geneva, Uswisi. Miongoni mwao ilikuwamo Osram ya Ujerumani, Philips ya Uholanzi, Compagnie des Lampes ya Ufaransa, na makampuni yaliyoshirikiana na General Electric ya Marekani. Waliunda umoja ulioitwa Phoebus, wakagawana masoko, na wakakubaliana kwamba balbu ya kawaida iwake saa 1,000. Kabla ya hapo zilikuwapo balbu zilizowaka saa 1,500 hadi 2,000. Kila kiwanda kilipeleka balbu zake kupimwa, na kiwanda ambacho balbu zake ziliishi kupita kiasi kilitozwa faini. Umoja huo ulivunjwa na Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1932, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, Mmarekani aitwaye Bernard London alichapisha kijitabu akishauri kwamba serikali ipangie kila bidhaa muda wa kuishi, na muda ukiisha bidhaa ikusanywe na kuharibiwa, ili viwanda vipate kazi.

Lakini mkaguzi hana ruhusa ya kusikiliza upande mmoja. Mwaka 1951 tume ya serikali ya Uingereza iliyochunguza biashara ya balbu ilieleza kwamba balbu yenye maisha marefu hutoa mwanga kidogo kwa umeme ule ule, kwa hiyo saa 1,000 haukuwa muda usio na sababu yoyote ya kiufundi. Hali kadhalika, si kila kinachokufa mapema kimepangiwa kifo. Kingine hufa kwa sababu mnunuzi alitaka cha bei ndogo, naye akapewa cha bei ndogo. Kingine hufa kwa sababu tulikiacha juani na dawa ndani yake.

Hata zile mashine 31, mimi siwezi kuapa kwamba aliyezitengeneza alikusudia zife katika msimu wa pili. Sikuwa kiwandani mwake, wala sikuuona moyo wake. Nawaomba mlishike neno hili, kwa maana hapo ndipo ilipo tabu ya sheria.

Sheria za wenzetu

Ufaransa ndiyo iliyothubutu kulikabili jambo hili kwa jina lake. Sheria ya tarehe 17 Agosti 2015 ilifanya uchakavu wa kupangwa kuwa kosa la jinai. Adhabu yake ni kifungo cha miaka 2 na faini ya yuro 300,000, na faini hiyo yaweza kuongezwa hadi asilimia 5 ya mauzo ya kampuni kwa mwaka. Ni adhabu ya kutisha. Lakini mshitaki alitakiwa athibitishe kwamba mtengenezaji alifupisha maisha ya bidhaa kwa makusudi, na tena kwamba makusudi hayo yalikuwa kumfanya mnunuzi abadilishe chombo mapema. Mwaka 2021 bunge lao liliuondoa mzigo huo wa pili. Ule wa kwanza, wa kuthibitisha makusudi, ulibaki.

Tazameni sasa yaliyotokea. Mwezi Desemba 2017 chama cha kiraia kiitwacho HOP kiliishitaki kampuni ya Apple, baada ya kujulikana kwamba programu mpya zilizotumwa katika baadhi ya simu za iPhone zilipunguza kasi ya simu ambazo betri zake zimechakaa. Kampuni ilieleza kwamba ilifanya hivyo ili simu zisizimike ghafula. Mwezi Februari 2020 Apple ilikubali kulipa yuro milioni 25. Je, ililipa kwa kosa la uchakavu wa kupangwa? La. Ililipa kwa sababu haikuwaambia wateja wake kwamba programu ile yaweza kuipunguzia simu kasi. Ukimya ndio ulioadhibiwa.

Kisa hicho kina funzo kubwa kwetu. Sheria haioni ndani ya moyo wa mtengenezaji. Huona alichosema, alichoficha, alichoahidi na alichoandika. Pale ambapo hapana kilichosemwa wala kuandikwa, hata sheria kali hubaki na mikono mitupu.

Ndiyo maana nchi nyingi zimeanza kwenda njia nyingine, ya kumlazimisha mtengenezaji aseme na aweke vipuri. Tangu tarehe 1 Januari 2021, Ufaransa iliwataka wauzaji wa baadhi ya bidhaa, kama simu, televisheni na mashine za kufulia, waonyeshe alama kati ya 0 na 10 inayoeleza urahisi wa kuitengeneza bidhaa hiyo ikiharibika. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 1 Machi 2021, uliagiza vipuri vya mashine za kufulia vipatikane kwa miaka 10 baada ya aina hiyo kuacha kuletwa sokoni, na vipuri kadhaa vya majokofu kwa miaka 7. Mwaka 2024 ukatoa agizo jingine la haki ya kutengenezewa, na nchi wanachama zikawekewa tarehe 31 Julai 2026 ya kuanza kulitumia.

Marekani kisa chake kiko karibu zaidi na jembe. Wakulima walilalamika kwamba matrekta yao yamefungwa kwa programu, hata kosa dogo la kifaa cha kupimia humlazimu mkulima kumngoja fundi wa kampuni huku mavuno yakisimama shambani. Mwaka 2023 jimbo la Colorado lilipitisha sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024, inayowataka watengenezaji wa zana za kilimo wawape wakulima na mafundi wa nje vipuri, vifaa na maelezo ya kutengenezea. Wakulima hawakumwachia mmoja wao aende peke yake mbele ya kampuni. Walisimama pamoja mbele ya bunge la jimbo lao.

Sheria zetu

Sheria zetu hazina kifungu kinachoutaja uchakavu wa kupangwa kwa jina lake. Lakini si kweli kwamba mnunuzi yu uchi.

Kwanza iko Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyotokana na sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893. Jirani zetu wa Kenya nao wanayo ya namna hiyo, Sura ya 31. Sheria hii yasema hivi: ukimweleza muuzaji kazi unayotaka bidhaa iifanye, ikaonekana kwamba unautegemea ujuzi wake, na bidhaa hiyo ni ya aina anayoiuza siku zote, basi ndani ya mkataba wenu mna sharti kwamba bidhaa ifae kwa kazi hiyo. Sharti hilo lipo hata kama hakuna aliyelitamka.

Hapo hapo upo mlango wa nyuma. Ukiagiza bidhaa maalumu kwa jina lake la biashara, sharti la kufaa kwa kazi hukuponyoka. Na hilo ndilo lililotupata. Barua ya chama kile ilisema tu: tuletee mashine 40 za jina fulani. Haikutaja kahawa, haikutaja dawa ya shaba, haikutaja ekari. Tulipomwandikia muuzaji kulalamika, alijibu kwa mstari mmoja kwamba tulitaja jina, naye alileta jina lile lile. Nilipoisoma sheria niliona kwamba mtu yule alijua alichokuwa akisema.

Jambo la pili katika sheria hiyo ni muda. Mnunuzi akikaa na bidhaa kwa muda wa kutosha bila kumwambia muuzaji kwamba anaikataa, huhesabiwa ameipokea. Baada ya hapo hawezi kuirudisha. Hubaki na haki ya kudai fidia tu. Mashine inayokaa ghalani miezi minne ndani ya boksi, ikingoja msimu, inaila haki yenu siku kwa siku.

Jambo la tatu ni kwamba sheria inawaruhusu wanaonunuliana kubadilisha masharti haya kwa mapatano yao. Kwa hiyo maandishi madogo yaliyo chini ya ankara yasomwe kabla ya kutiwa sahihi.

Pili, iko Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani. Sheria hiyo inakataza mwenendo wa kupotosha na kudanganya katika biashara. Muuzaji aliyewaahidi kwamba vipuri vipo, na kumbe havipo, anaweza kushitakiwa mbele ya Tume hiyo. Lakini Tume itawauliza: aliahidi wapi? Mkijibu kwamba alisema kwa mdomo akiwa dukani, mmekwisha kudhoofika.

Ama alama ya ubora ya Shirika la Viwango, hiyo ni ya maana na msinunue bila kuitazama. Lakini alama hiyo husema kwamba kifaa kimefikia kiwango kilichowekwa. Haisemi kitaishi misimu mingapi, wala vipuri vyake vitapatikana wapi.

Chama kifanye nini

Ndugu Wajumbe, nina mambo sita ya kuwaomba, na hakuna hata moja linalohitaji mwanasheria.

La kwanza, barua ya kuagizia itaje kazi kabla ya kutaja jina. Andikeni: tunataka mashine ya kupulizia dawa ya shaba katika kahawa, itakayotumiwa na wanachama kadhaa kwa zamu, ekari kadha kwa msimu, na tunautegemea ushauri wenu juu ya aina inayofaa. Mistari hiyo miwili inaufunga ule mlango wa nyuma.

La pili, muuzaji aandike orodha ya vipuri vinavyochakaa upesi, bei zake, na miaka ambayo atakuwa navyo. Asiyeweza kuandika orodha hiyo amekwisha wajibu.

La tatu, kabla ya kulipa, kifaa kimoja kifunguliwe mbele ya bodi kwa bisibisi na spana za kawaida, tena afungue fundi wenu wa kijijini, si fundi wa muuzaji. Kisichofunguka leo kikiwa kipya hakitafunguka kikiwa kibovu.

La nne, dhamana, au waranti kama wenye maduka wasemavyo, iwe katika maandishi: ya muda gani, inahusu nini, kifaa kitatengenezwa wapi, na nani atalipa nauli ya kukipeleka. Kisha vifaa vijaribiwe vyote mara vinapofika, na kasoro iandikiwe barua wiki ile ile.

La tano, acheni kulinganisha bei peke yake. Linganisheni gharama ya msimu. Mashine ya shilingi 95,000 iliyoishi misimu miwili ilitugharimu shilingi 47,500 kwa msimu. Chama jirani kilinunua ile ya shilingi 140,000. Ilipomaliza msimu wa tano ilikuwa bado inafanya kazi, nao walikuwa wametumia shilingi 30,000 kwa vipuri vya kila mashine. Jumla ni shilingi 170,000, yaani shilingi 34,000 kwa msimu. Sisi tuliosifiwa kwa kuokoa fedha ndio tuliopoteza. Tangu hapo, katika taarifa zangu, sisifu tena bei ya chini kabla sijauliza misimu.

La sita, kila ghala liwe na daftari la mitambo: tarehe ya kununua, namba ya kifaa, kila siku kilipoharibika, kilichoharibika ni nini, na kilitengenezwa kwa kiasi gani. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mashine 31 za aina moja, zilizoharibika mahali pamoja katika miezi ile ile, na zote zimeandikwa, huo ni ushahidi ambao mkulima mmoja mwenye mashine moja hawezi kuupata. Sisi hatukuwa na daftari hilo. Tulikuwa na rundo tu.

Ndugu Mwenyekiti, jambo la mwisho namwelekezea Chama Kikuu. Muuzaji hukidharau chama kinachonunua mashine 40, kwa kuwa anajua kesho atamwuzia mwingine. Lakini vyama vyetu vya msingi vikipeleka mahitaji yao pamoja, Chama Kikuu kikaagiza kwa niaba ya wote kwa mkataba mmoja, muuzaji huyo huyo atakubali kuweka sanduku la vipuri makao makuu na kumfundisha fundi wetu mmoja. Hiyo ndiyo sababu ya babu zetu kuanzisha ushirika: mmoja mmoja walipunjwa katika mizani, na walipoungana waliinunua mizani yao wenyewe.

Ninapendekeza kwamba kabla ya ununuzi wa msimu ujao, Chama Kikuu kitoe mfano mmoja wa barua ya kuagizia zana, wenye mambo haya, na kila chama cha msingi kibandike nakala yake katika ukuta wa ofisi. Nami nitakapokuja kukagua, barua hiyo nitaiomba kabla ya daftari la fedha taslimu.

Ikiwa mama yule aliyekuwa Katibu atasoma jarida hili, basi ajue kwamba kosa la mwaka ule halikuwa lake. Lilikuwa kosa letu sote tuliotazama bei tusiulize maisha ya kitu, na la kwanza katika orodha ni mimi.